Nyumba Ina Wenyewe

Kila mfasiri ana maneno anayoyaogopa. Huyazunguka kwa miaka kama mtu anavyolizunguka dimbwi la mvua, mpaka siku moja njia ikawa nyembamba na asiwe na budi ila kukanyaga. Kwangu mimi mojawapo ni neno la Kiingereza "haunted", linaposemwa juu ya nyumba. Kamusi zimejitahidi: zimetupa "yenye mashetani", "yenye mizimu", "inayotembelewa na pepo". Tafsiri zote hizo ni sahihi, na hakuna hata moja inayotosha. Kwetu mtu hupagawa, nyumba haipagawi. Pepo hutafuta kiti chake, na kiti hicho ni mwanadamu mwenye pumzi, si ukuta wala dari. Mzimu nao, kabla ya kufanywa kitisho cha watoto, ulikuwa na makao yake maalumu, pangoni au chini ya mbuyu, ambako watu walikwenda kwa hiari yao wakiwa na ubani na marashi. Ama kizuka, neno hilo Unguja limepewa kazi nyingine ya huzuni: ndilo jina la mjane aliye ndani ya eda, anayekaa miezi minne na siku kumi kwa ajili ya mumewe. Ukiandika kwamba ndani ya nyumba mna kizuka, msomaji wa Zanzibar atauliza amefiwa lini.

Lakini lugha haikushindwa. Muulize mtu wa Mji Mkongwe kwa nini nyumba fulani yenye mlango wa nakshi imekaa miaka bila ya mpangaji. Hatataja mzimu wala shetani. Atapunguza sauti na kusema: "Ile ina wenyewe." Basi. Neno ni lile lile tunalolitumia kwa shamba la minazi, kwa ngalawa iliyofungwa pwani, kwa embe lililoanguka njiani: usiguse, lina mwenyewe. Kiswahili hakikuona haja ya kumtenga jini aliyetangulia kukaa ukumbini na bwana aliyeandikwa katika hati. Wote wawili ni wenyewe, na mgeni ni wewe.

La ajabu ni kwamba hata hilo neno la Kiingereza, ukilichimba mizizi, halikuanza na hofu. Lilitoka katika Kifaransa cha kale, likiwa na maana ya kuzoea mahali na kupaendea mara kwa mara. Na wanaisimu wanalihusisha na mzizi ule ule uliowapa Waingereza neno lao la nyumbani. Aliyezoea kuja alikufa, naye akaendelea kuja. Hofu ni ya yule aliyehamia baadaye.

Jambo hili lilinidhihirikia mbali na bahari, mwaka 2007, katika mji wa Karatu, nilikokwenda kwa miezi mitatu kufasiri kijitabu cha wageni kuhusu mimea na ndege wa nyanda za juu. Karatu ni mji wa udongo mwekundu na baridi ya jioni, umejipanga kandokando ya barabara inayopanda kutoka Mto wa Mbu, ikaukwea ukuta wa Bonde la Ufa, ikaelekea lango la Lodoare la Ngorongoro. Mchana yalipita magari ya watalii, bila ya kusita sana. Usiku, miaka ile, palikuwa na banda la video.

Katika mabanda yale ilistawi sanaa ambayo watu wa vitabu hawajaipa haki yake: sanaa ya kutafsiri filamu kwa mdomo. Mtu hukaa kando ya televisheni na kipaza sauti. Filamu inapita, naye anaisimulia kwa Kiswahili, anawapa wahusika tabia na lakabu, anawakemea, anawaonya, anawajibu. Aliyevuma katika fani hiyo kutoka Dar es Salaam ni Lufufu, na miji mingi ya Bara ilikuwa na kijana wake aliyemwiga. Karatu naye alikuwapo, kijana mwembamba mwenye sauti nzito kuliko kifua chake.

Usiku mmoja filamu ilikuwa The Amityville Horror, ile ya mwaka 2005 iliyoongozwa na Andrew Douglas, ambayo ni marudio ya filamu ya mwaka 1979. Mume na mke, George na Kathy Lutz, pamoja na watoto watatu wa mke, wananunua nyumba kubwa kando ya maji katika jimbo la New York. Bei ni rahisi kupita kiasi, kwa sababu ndani ya nyumba hiyo kijana mmoja aliwaua wazazi wake na ndugu zake wanne. Mauaji hayo ni ya kweli: yalitokea katika mji wa Amityville, Novemba 1974. Wanandoa nao walikuwa watu wa kweli. Walihamia Desemba 1975 na kuondoka baada ya siku 28, na yaliyotokea ndani ya siku hizo yamebishaniwa tangu hapo. Filamu hii inachimba zaidi. Chini ya nyumba inaweka vyumba vya siri ambamo zamani za ukoloni mhubiri mmoja aliwatesa na kuwaua wenyeji asilia wa nchi ile. Ubaya wote unafuka kutoka huko.

Si filamu hii peke yake yenye siri sakafuni. Katika Poltergeist ya mwaka 1982 mtaa mzima wa nyumba mpya umejengwa juu ya makaburi. Mfanyabiashara aliyahamisha mawe ya makaburi, maiti akawaacha pale pale, kisha akauza nyumba. Wamarekani wamekipenda kisa cha namna hii kwa miongo mingi. Inaonekana wanajua kuna kitu chini ya nyumba zao, na mahali wanapoweza kulisema hilo ni gizani, wakiwa wamelipa kiingilio.

Kijana wetu alipofika mahali ambapo nyumba inaanza kuwasumbua wahamiaji, hakusema mzimu. Aliusogeza mdomo kwenye kipaza sauti, akasema taratibu: "Jamani, nyumba hii ina wenyewe." Banda zima likaguna. Kuanzia hapo ikawa filamu nyingine. Kwa Kiingereza kilikuwa kisa cha familia njema iliyovamiwa. Kwa Kiswahili cha Karatu kikawa kisa cha watu waliohamia pasipo haki, nao wanaambiwa waondoke, kwanza kwa upole, kisha kwa ukali. "Bei hiyo hamkujiuliza?" alipiga kelele mmoja wa vijana kwenye benchi la nyuma. Hakuna aliyemnyamazisha.

Mlangoni aliketi mzee wa Kiiraqw, baba wa mwenye banda, amejifunika blanketi. Filamu ilipokwisha nilimwamkia, nikamwuliza ameionaje.

"Wale watu wana fedha," alisema. "Wana gari. Wana na padri wa kuwaombea. Lakini hawakuuliza."

"Kuuliza nini, mzee?"

"Kuuliza tu. Nani alikuwa hapa."

Asubuhi yake nilimkuta anaota jua, akanieleza zaidi. Wairaqw si wenyeji wa Karatu tangu azali. Kitovu chao ni milima ya Mbulu, na katika karne ya 20 walienea kuelekea kaskazini, wakalima ardhi iliyokuwa malisho ya wafugaji. Yeye alikuja akiwa mtoto, nyuma ya ng'ombe wa baba yake. Ardhi mpya, alisema, haikulimwa hivi hivi. Wazee wenye ujuzi waliitazama kwanza, ibada ikafanywa, mipaka ikajulikana. Na chemchemi ziliogopwa, kwa kuwa ndani ya maji hukaa netlangw, ambao walikuwapo kabla ya jembe. "Sasa mtu anakuja na karatasi," alisema. "Anapima, anachimba msingi, anaweka bati. Halafu usiku mkewe halali, wanamwita daktari."

Sikumwona kuwa mtu wa ushirikina. Nilimwona kuwa mtu anayekumbuka kwamba alihamia.

Wiki ile nilipelekwa Ngorongoro ili nizione ndege ambazo nilikuwa nikizitafutia majina. Ukisimama ukingoni mwa kreta, chini yako ni uwanja wenye upana wa takriban kilomita 19 na kina cha mita 600 hivi, na mgeni huambiwa anaiona dunia ilivyokuwa kabla ya watu. Maneno ya namna hiyo yalikuwamo katika kijitabu nilichokuwa nikikifasiri. Lakini kama kuna mahali penye wenyewe katika nchi hii, ni pale.

Mna humo makaburi ya mawe ya wafugaji wa kale. Mna makaburi ya Wadatoga, waliochunga katika bonde lile mpaka Wamasai walipowashinda katika karne ya 19, na watu wao hawakuacha kurejea kuyazuru. Mna magofu ya nyumba ya walowezi wa Kijerumani, kwani ndugu wawili, Adolf na Friedrich Wilhelm Siedentopf, walifanya ufugaji humo mpaka Vita Vikuu vya Kwanza vilipowang'oa. Juu ukingoni, kando ya barabara, pana kaburi la Michael Grzimek, kijana wa Kijerumani aliyekufa kwa ajali ya ndege Januari 1959, alipokuwa yeye na baba yake wakiwahesabu wanyama wa Serengeti. Baba huyo, Bernhard, alifariki mwaka 1987, na majivu yake yakaletwa kuzikwa karibu na mwanawe. Mwaka ule ule wa 1959 Wamasai walitolewa Serengeti kwa ahadi kwamba Ngorongoro wataendelea kuishi pamoja na wanyama. Katikati ya miaka ya 1970, wale waliokuwa na maboma yao chini ya kreta walihamishwa humo.

Upande wa Karatu mambo ni hayo hayo kwa umbo jingine. Kwenye miteremko ya Oldeani Wajerumani walipanda kahawa baina ya vita viwili vikuu. Vita vya Pili vikawaondoa, na mashamba yao yakashikwa kuwa mali ya adui. Baadhi ya nyumba za mashamba ya zama zile leo ni hoteli. Wanandoa wapya kutoka Ulaya huja kukaa fungate ndani yake, mbele ya moto wa kuni, na inasemekana wanalala vizuri. Huenda ni kwa sababu hawakuja kukaa.

Msomaji atauliza: basi mwenyewe wa kweli ni nani? Aliyekuja mapema kuliko wote? Huko Laetoli, ndani ya eneo hilo hilo la hifadhi, Mary Leakey na wenzake walizifukua mwaka 1978 nyayo za viumbe waliotembea wima juu ya majivu ya volkano miaka milioni 3.6 iliyopita. Wachoraji hupenda kuwachora wawili kati yao kuwa ni mume na mke. Ikiwa ni hivyo, hao ndio wanandoa pekee wa nchi ile ambao hawakuhamia kwa mtu. Sote tuliobaki tumeingia katika nyumba ambayo moto wake mekoni uliwashwa na mwingine. Kwa hiyo sidai kwamba kila aliyehamia aondoke. Kwa hesabu hiyo dunia isingekuwa na mkaazi. Ninachokisema ni kile alichokisema mzee wa bandani. Kuna kuuliza, na kuna kutouliza.

Mimi sikuhitaji kupanda Karatu ili niijue nyumba yenye wenyewe. Nililelewa ndani yake. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilitaifishwa, au zilibaki tupu baada ya waliokuwamo kukimbia, na familia za Ng'ambo na za mashamba zikagawiwa vyumba. Wazazi wangu walipata vyumba viwili, ghorofa ya pili, katika nyumba iliyokuwa ya ukoo mmoja wa Kiarabu. Juu ya mlango palichongwa jina la aliyeijenga, kwa hati nzuri, pamoja na mwaka wa Hijria. Baba hakuweza kulisoma. Mimi nilipojifunza herufi chuoni, jina lile ndilo maneno ya kwanza niliyoyasoma nje ya msahafu.

Mama alifukiza ubani kila usiku wa kuamkia Ijumaa. Na hakuingia chumba kilichofungwa bila ya kupiga hodi, ijapokuwa alijua kuwa hamna mtu. Nilimwuliza siku moja anamwomba nani ruhusa. "Wenyewe," alinijibu, akaendelea na kazi yake. Kwa miaka mingi niliamini kuwa anawakusudia majini.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, alasiri moja, wenyewe walikuja. Alikuwa bibi mtu mzima aliyevaa abaya nyeusi, pamoja na binti yake, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kujifunza kwa mama huko Maskati, kimehifadhi maneno ambayo sisi tumeshayaachia njiani. Yule bibi alisimama chini ya lile jina, akabisha kama abishavyo mgeni yeyote wa pwani: "Hodi! Hodi, wenyewe!"

Yeye ndiye aliyetuita sisi wenyewe.

Mama alishuka ngazi. Akamtazama yule bibi usoni, kisha akatazama juu, penye jina. "Karibu, dada," alimwambia. "Karibu kwenu." Wakapanda polepole wakishikana mikono, kwa kuwa ngazi zetu zilikuwa zimeliwa. Bibi hakudai kitu. Aliomba kukiona chumba alichozaliwa, ambacho kilikuwa ndicho chumba chetu watoto. Alipoingia alikwenda moja kwa moja penye kidaka cha ukutani, akatia mkono ndani kama anayetafuta kitu alichokiweka jana, akautoa mtupu. Alikunywa chai. Wakati wa kuaga alisimama uani, akatazama juu, akamwambia mama: "Roshani ile itengenezeni, dada. Itaanguka."

Usiku wa kuamkia Ijumaa iliyofuata mama alifukiza ubani kama desturi yake, nami sikumwuliza tena ni kwa ajili ya nani.

Tangu hapo filamu za nyumba za kutisha nazitazama kwa jicho jingine, hata zile zilizotengenezwa kwa ustadi mkubwa. Udhaifu wake si kwamba zinaamini mizimu. Ni kwamba zinawaamini wenyewe waliokufa tu. Wenyeji asilia katika filamu ile ya Amityville ni maiti wa vyumba vya chini: wanapiga mayowe, hawasemi. Wangekuwa hai wangebisha hodi mchana kweupe, na isingekuwa tena filamu ya kutisha. Ingekuwa kesi ya ardhi. Na hakika wapo hai. Washinnecock, watu asilia wa kisiwa hicho hicho cha Long Island ilipo nyumba ile, wanaishi huko hadi leo, na mwaka 2010 serikali kuu ya Marekani iliwatambua rasmi kuwa taifa. Hakuna aliyekwenda kwao na kamera ya filamu ya kutisha. Wangemkaribisha chai, na kisa kingekwisha.

Hofu ya maiti ni nyepesi kuibeba. Maiti hufukizwa ubani, husomewa, hutupiwa maji matakatifu, na mwisho wa filamu wanandoa wanapanda boti na kukimbia. Aliye hai hafukizwi. Anasimama kizingitini na mkono wake mtupu.

Nimelifikiria hilo mara nyingi tangu Juni 2022, wakati familia za kwanza za Ngorongoro zilipopakiwa katika magari pamoja na mifugo yao na kupelekwa Msomera, wilaya ya Handeni, mkoa wa Tanga. Huko serikali iliwajengea nyumba za matofali na bati, ikawapa na mashamba. Serikali ilisema kuwa wanahama kwa hiari na kwa ajili ya kuiokoa hifadhi. Wakazi wengi walilikana hilo, na shirika la Human Rights Watch lilichapisha ripoti mwaka 2024 likieleza jinsi huduma za afya na shule zilivyopunguzwa kwa waliobaki. Na Msomera haikuwa tupu. Walikuwapo watu, wafugaji pia, ambao baadhi yao walilalamika kuwa nyumba mpya zimesimamishwa juu ya ardhi yao.

Naifikiria hasa jioni ya kwanza ya mume na mke ndani ya nyumba moja kati ya hizo. Kwa Wamasai mwanamke ndiye mjenzi. Hukata fito, huzisuka, hukandika kuta kwa udongo na samadi. Nyumba ni kazi ya mikono yake na kila ufa anaujua. Sasa amepewa mlango na ufunguo. Kuta zimenyooka, sakafu haina vumbi, bado pananuka saruji. Nyuma yake, mbali sana, kuna boma ambalo yeye ni mwenyewe wake na hayumo. Mbele yake, ng'ambo ya kichaka, kuna mtu anayesema kuwa hapa ni pake. Hakuna kaburi chini ya sakafu, hakuna chumba cha siri, hakuna aliyeuawa. Ni nyumba mpya kabisa. Hata hivyo sijui mtengeneza filamu gani angeweza kuipiga picha jioni ile, kwa sababu wenyewe wote ni wazima, na yeye mwanamke ni mmoja wao.

Neno lile, basi, sikwepi tena. Kila ninapolikuta katika kitabu cha watu, ninaandika "nyumba yenye wenyewe", bila ya kuongeza majini wala mizimu. Mhariri mmoja alinirudishia mswada, naye ameandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Wenyewe gani? Walio hai au waliokufa?" Nilimrudishia bila ya kubadilisha herufi, na chini ya swali lake nikaandika: "Hilo aliulize anayehamia."